Mwaka Ambao Mukendi Hakuzikwa

Habari ilinifikia kwa simu, katika kundi la mawakili, asubuhi nikichambua maharage. "Simba wa baraza letu amelala." Simba! Mtu aliyeogopa hata mbwa wa jirani, akivuka kwenda upande wa pili wa barabara huku amekumbatia mkoba kifuani. Kabla maharage hayajachemka simu ilikuwa imejaa machozi: mtetezi wa wanyonge, sauti ya wachimbaji, baba wa haki za binadamu katika Katanga nzima. Mimi sikuandika kitu. Donat, ambaye tulijifunza naye kazi katika ofisi ya marehemu na ambaye leo ni mkubwa kati ya mawakili wa Lubumbashi, alinipigia kusema kwamba kimya changu kimeonekana, na kwamba kamati ya mazishi inanitaka niseme maneno machache kama mwanafunzi wa kwanza wa kike wa marehemu. Nilimjibu kwamba maneno ninayo, tena si machache, ila hakuna hata moja la kusomwa mbele ya jeneza. Akacheka, akaniambia ya kale hayanuki. Hayanuki kwa anayekaa mbali nayo. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kovu langu nimelitunza vizuri, hata mafuta nalipaka.

Mwaka ninaousema ni ule niliokuwa stagiaire, yaani wakili anayejifunza kazi chini ya mkubwa wake. Mkubwa wangu alikuwa Maître Faustin, ndiye huyo simba. Hapa kwetu kila wakili ni Maître, hata mdomoni mwa mkewe. Ofisi yake ilikuwa katika vyumba vya mbele vya nyumba yake, nyumba ya zamani ya Wabelgiji yenye varanda ya sementi nyekundu na milango iliyopakwa rangi juu ya rangi mpaka haifungi. Vyumba vya nyuma alikaa na mkewe, Mama Adèle, na watoto wao. Kati yetu na wao palikuwa na korido moja tu, kwa hiyo ikifika saa sita harufu ya sombe, yaani kisamvu, na ya samaki wa kukaanga ilikuja mpaka juu ya mafaili, na wateja waliokaa kwenye benchi tangu asubuhi, wengi wao hawajatia kitu tumboni, walimeza mate. Yeye hakuwaona. Alikula mezani, mikono ya shati imekunjwa, akifinyanga bukari, ndiyo ugali wetu, na kuhubiri utu wa mwanadamu kinywa kikiwa kimejaa. Kazi yetu mimi na Donat ilikuwa kumbebea toga, joho la wakili, kwenda mahakamani, kuomba kesi iahirishwe siku ambazo hakutaka kwenda, na kuongea na wale wateja ambao hakupenda kuwatazama machoni.

Sauti alikuwa nayo, sikatai. Akisimama mbele ya mahakimu hata askari wa mlangoni aliacha kupiga miayo. Serikali ilimchukia, makampuni ya madini yalimchukia, kuna mapadri waliomsema mimbarani, na yeye alizipenda chuki hizo kama mtoto anavyopenda peremende. Nusu ya mji ilimwita nabii, nusu nyingine ilimwita mtafuta sifa, na watu waligombana juu yake sokoni na kwenye meza za bia. Mimi niliingia katika nyumba ile nikiwa upande wa nabii. Nilikuwa kijana, na kijana akiona mtu anamfokea mkubwa wa polisi bila kutetemeka, anadhani ameona ukweli wenyewe.

Kisha akafa Mukendi. Alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale wanaoshuka kwenye mashimo ya madini kwa kamba na tochi. Walinzi wa kampuni moja walifyatua risasi kuwafukuza wachimbaji kwenye uwanja wao, watu wakakimbia, Mukendi akabaki chini. Daktari wa kampuni aliandika kwamba alianguka shimoni, basi. Dada wa Mukendi, Tantine Meta, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu mtaa mzima, alikuja ofisini kwa niaba ya mjane. Maître alimpa kiti, alimpa maji, alimsikiliza mpaka mwisho, na jioni ile akaenda redioni. Alisema wameua, na sasa wameishika maiti ya Mukendi katika nyumba ya maiti ya hospitali ili risasi isionekane. Mji mzima ulisikia. Nilijivunia kumbebea toga mtu kama yule, nawaambia ukweli, nilitembea barabarani kama vile risasi nimeiona mimi.

Akanituma Annexe, kule pembezoni mwa mji ambako nyumba za matofali mabichi zimesimama katikati ya mahindi. Chumba cha mjane nakikumbuka kuliko chumba chochote nilicholala maishani. Pazia la maua mlangoni, ndoo iliyofunikwa kifudifudi, redio juu yake, na Mama Ngalula chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, nywele hazijachanwa. Kwenye kona palikuwa na magunia ya chumvi aliyoyaleta kutoka Mokambo, mpakani na Zambia, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwenda mpakani na kurudi na bidhaa. Chumvi ilikuwa imeanza kushikana kama jiwe. Watoto walipita katikati yetu kimya kimya, bila kucheza.

Kwa wale wasiojua desturi ya watu wa Kasai waliohamia huku kwetu, mjane anakaa chini. Hapiki, hamsalimu mtu kwa mkono, hashiki jembe, hagusi bidhaa. Hata chakula anawekewa kiganjani na ndugu za mume. Siku za kilio zinaanza kuhesabiwa kaburi likishafungwa. Zikitimia, wanawake wa ukoo wa mume wanamwogesha, wanamvua nguo za msiba, naye anarudi kati ya watu. Sasa kama mtu hajazikwa, hesabu ianzie wapi? Mama Ngalula alikuwa amekaa mahali ambapo siku hazina namba. Aliniuliza swali moja tu, bila kunitazama.

"Maître mudogo, banamuleta lini?"

Nilimwambia alichonituma Maître: avumilie, tunapambana na watu wakubwa. Nikamwambia tena mwezi uliofuata, na mwezi mwingine baada ya huo. Mvua ikaanza, majirani wakapanda, kipande chake cha shamba nyuma ya nyumba kikaota nyasi mpaka kiunoni. Watoto wakaanza kula kwa watu, leo hapa, kesho pale. Tantine Meta, aliyekuja na huruma mwanzoni, akaanza kuja na manung'uniko, kwa sababu kulisha mtu kwa mkono kila siku kunachosha hata malaika. Na redio juu ya ndoo haikuzimwa. Kila Maître alipoongea juu ya "mateka wa maiti", ndivyo alivyoita kesi yetu, mjane aliinamisha kichwa akasikiliza kama watu wanavyosikiliza Injili. Alimbariki. Alisema nchi nzima imewasahau, amebaki yule peke yake. Nilirudi mjini nikatoa taarifa, na Maître, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, alisema neno lake lilelile: mwambie avumilie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ukweli niliupata kwenye meza ya chakula. Siku hiyo mwendesha mashtaka alikuja kula kwa Maître. Walikuwa wamesoma pamoja chuo. Mbele ya watu walitukanana, mmoja akimwita mwenzake kibaraka, mwenzake akimwita mchochezi, lakini pale mezani walikuwa wanagombea kichwa cha samaki na kucheka mpaka machozi. Mama Adèle aliniomba nimsaidie, mikono yake ilikuwa na unga, kwa hiyo nilisimama pembeni nimeshika birika la maji ya kunawa. Mwenye birika haonekani. Mwendesha mashtaka alinawa, akajipangusa, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemshauri ndugu yake:

"Faustin, acha ule mama azike bwana yake. Ruhusa ya kuzika nilishasaini zamani. Njo weye unakatala."

Maître alitafuna kwanza, hakukana kwamba ndiye anayezuia. Akaeleza kwamba yuko daktari mtaalamu atakayekuja kutoka Ulaya kuifungua maiti upya, na kwamba ukizika maiti umezika na kesi. Mwenzake akauliza daktari huyo anakuja lini. Maître akainua mabega. Redioni palikuwa panaendelea vizuri, akasema, hata mabalozi walikuwa wameanza kuuliza habari. Hapo Mama Adèle, aliyekuwa mlangoni na bakuli la sombe, akauliza kwa upole: na mjane je? Maître hakugeuka hata kumtazama mkewe.

"Ule mama alishazoea."

Akachota sombe. Mimi nilikuwa bado nimeinamisha birika, maji yakanimwagikia miguuni. Mama Adèle aliweka bakuli mezani taratibu, akarudi jikoni, na nilipompita alikuwa amesimama tu mbele ya mbabula, jiko letu la mkaa, limewaka bila sufuria juu yake. Lakini mimi hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikio yanalia. Serikali haikuishika maiti. Kampuni haikuishika. Aliyemzuia Mukendi asizikwe ni mtetezi wake mwenyewe, na hakuona haja ya kumwambia mwenye mume.

Wapo wanaongoja nikifika hapa niombe msamaha kwa kutoa siri ya ofisi. Watangoja sana. Mchana ule ule nilipanda gari kwenda Annexe, nikakaa chini karibu na mkeka, nikamweleza Mama Ngalula kila neno, hata lile la mwisho. Redio ilikuwa inaimba. Alinyoosha mkono akaizima mwenyewe. Aliniuliza kama nina hakika ni yeye, nikasema ni yeye. Tantine Meta ndiye aliyelipuka, akatukana ukoo wa Maître kuanzia babu, kisha akatulia na kutoa hukumu ambayo hakuna chuo kingemfundisha: kilio kinakaa kwa mwenye maiti. Kama mwenye maiti ni yule Maître, basi tumekosea nyumba tangu mwanzo. Akainama, akakunja mkeka.

Walifika ofisini kwa Maître kesho yake asubuhi, wanawake wa Annexe, na mikeka, na mabakuli, na mbabula mbili, na mjane katikati yao amefunikwa kitambaa cheusi. Hawakupiga kelele. Walitandika mkeka katikati ya chumba cha kungojea, wakamkalisha Mama Ngalula, wakawasha mkaa varandani, wakaanza nyimbo za kilio, zile za polepole zinazokatika katikati. Wateja waliinuka kwenye benchi kwa heshima, kisha wakakaa chini pamoja nao, na saa sita kwa mara ya kwanza katika nyumba ile watu wa benchi walikula. Moshi uliingia kwenye mafaili. Maître alirudi kutoka mahakamani toga mkononi, akasimama mlangoni. Alijua kujibu matusi, alijua kujibu mabomu ya machozi. Alianza kueleza habari ya daktari wa Ulaya, kwa ile sauti yake nzuri, na wanawake wakaendelea kuimba. Huwezi kubishana na wimbo wa kilio. Ndipo mlango wa korido ukafunguka, Mama Adèle akatoka amevua viatu, akapita mbele ya mumewe, akaenda kukaa mkekani bega kwa bega na mjane. Maître aliangalia miguu mitupu ya mkewe. Akaingia ofisini, akafuta pingamizi lake la kuzuia mazishi, akampa Donat karatasi aipeleke mahakamani.

Mukendi alizikwa. Kilio kikahesabiwa, siku zikatimia, Mama Ngalula akaogeshwa na akarudi Mokambo kutafuta maisha. Na kesi, je? Kesi ilikufa. Mawakili wa kampuni walisimama na karatasi ya daktari wao, alianguka shimoni, na sisi hatukuwa na risasi wala mwili wa kuonyesha. Walinzi walitoka wanacheka. Maître alinikuta kwenye ngazi za mahakama, akaniambia mbele ya watu, "Bibiane, weye njo uliua ile kesi," akanifukuza. Alieneza kwamba nimemsaliti mkubwa wangu, na hakuna ofisi iliyonipokea mjini. Nikafungua yangu huko huko Annexe, chumba kimoja, nikifuata kesi za mipaka ya mashamba na za ng'ombe walioliwa, na niko huko mpaka leo. Yeye alipanda. Alipata kesi nyingine, wafu wengine, redio nyingine. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba kisheria alisema kweli. Ukizika maiti umezika na kesi. Nimelirudia jambo hilo kichwani maisha yangu yote, nikilitafutia mahali pa kulipinga, na sijapapata.

Kwenye kilio chake nilikwenda, maana kutokwenda nako ni kusema. Lupango lote, yaani ua wa nyumba, lilijaa viti vya plastiki na mawakili wenye miwani myeusi. Nyumba ile ile, varanda ile ile nyekundu. Donat alinivuta pembeni na shida yake: ujumbe wa wakubwa unakuja kutoka Kinshasa kumpa marehemu heshima, na haijulikani utafika lini, labda wiki mbili, labda tatu. Mama Adèle hataki kusikia, anataka kuzika kesho. Wewe ni mwanamke, Bibiane, aliniambia, ingia umweleze, mwambie avumilie. Nilicheka, pale kilioni, kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Halafu nikaingia. Sikuingia kwa ajili ya kumsihi mtu. Niliingia kwa sababu nilitaka kuliona lile neno likifika nyumbani kwake.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimetolewa viti, pamewekwa godoro chini. Mama Adèle alikuwa amekaa mgongo ukutani, amekonda, nywele nyeupe. Na pembeni yake, ameshika sahani, akimwekea matonge kiganjani, alikuwa Mama Ngalula. Nilisimama kama nimepigwa kofi. Nilimuuliza, tena kwa ukali, anafanya nini katika nyumba hii. Hakuacha kufinyanga.

"Alikalaka na miye ku mukeka yangu," alisema. "Na miye ninakala naye ku yake."

Nikamgeukia Mama Adèle, nikautoa ujumbe jinsi ulivyo, bila kuupaka asali: huko nje wanasema usubiri wakubwa wa Kinshasa, wanasema uvumilie. Alinitazama, na nikaona kwamba birika, na sombe, na kichwa cha samaki, vyote alikuwa navyo bado kichwani.

"Ubaambie miye sitazoea," alisema. "Tunamuzika kesho."

Nilimpelekea Donat jibu hilo polepole, neno kwa neno, na Mungu anisamehe, sijawahi kutoa hoja mbele ya baraza lolote nikafurahi vile.

Tulimzika kesho yake. Toga yake ilikuwa juu ya jeneza, Donat akaiondoa na kuikunja, hotuba zikasomwa, simba, nabii, baba. Mimi na Mama Ngalula tulisimama nyuma. Nilimwambia, kwa sababu lilikuwa limenikaa kooni miaka yote hiyo, kwamba yule mtu alisema kweli, kwamba kama tungengoja labda wale walinzi wangefungwa. Alisema anajua. Aliwahi kulifikiria sana njiani kwenda Mokambo.

"Kama aliniuliza, labda ningekubali," alisema. "Lakini ilikuwa bwana yangu miye, haikuwa yake."

Kisha akaniaga, akaenda kunawa mikono kwenye beseni na kutafuta gari la kurudi Annexe. Watu walikuwa wanapita mmoja mmoja kutupa udongo, kila mtu kidogo, kwa ncha za vidole. Zamu yangu ilipofika nilichota kwa mikono yote miwili nikatupa, nikachota tena, nikatupa tena kwa nguvu, mpaka Donat akaja kunishika bega na kunipa pole, maana alidhani ni uchungu wa mwanafunzi. Sikumsahihisha. Nilitaka tu kuliona lile shimo limejaa.